Beji ya kambi na ikama ya nchi: uchambuzi wa kisa cha fundi viyoyozi wa Mtwara aliyekwenda kufanya kazi Kuwait

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilipita katika dawati letu la msaada wa kisheria mjini Mtwara, nasi tulikifuatilia tangu siku dada wa mhusika alipotuletea karatasi ya viza hadi mhusika mwenyewe aliporudi nyumbani. Ameridhia kiandikwe kwa sharti kwamba jina lake, kijiji chake, jina la wakala na majina ya kampuni yasitajwe. Baadhi ya tarehe nimeziondoa kwa sababu hiyo hiyo. Humu nitamwita Fundi.

Ninawaandikia wasaidizi wa kisheria wenzangu na familia zinazoletewa ahadi za namna hii. Karibu kila niliyemsimulia habari hizi alidhani, kama tulivyodhani sisi mwanzoni, kwamba mtu akipata kazi ndani ya kambi ya jeshi la Marekani basi ruhusa yake ya kuishi katika nchi hiyo, ambayo huko Ghuba huitwa ikama, itashughulikiwa na Wamarekani. Sivyo ilivyo. Makosa mengi yaliyofanyika katika kisa hiki, ya wakala, ya familia na ya kwetu, yalikaa juu ya dhana hiyo moja.

Usuli

Fundi ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa wilaya ya Tandahimba, aliyejifunza ufundi wa majokofu na viyoyozi VETA Mtwara. Alianza kazi katika miaka ambayo mji ulikuwa umejaa wageni wa utafutaji wa gesi, nyumba za Shangani zikipangishwa kwa makampuni na kila chumba kikihitaji kiyoyozi. Msimamizi wake wakati huo alikuwa Mfilipino, ambaye atatajwa tena mbele. Shughuli zilipopungua na kampuni ile ikafunga ofisi yake hapa, Fundi alirudi kutengeneza friji na mashine za barafu za wauza samaki, kazi ambayo huku kwetu hupanda na kushuka pamoja na korosho, kwa kuwa watu wengi hungoja malipo ya mnada ndipo watengeneze vilivyoharibika.

Tangazo la kazi lilimfikia kupitia kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Lilisema mafundi viyoyozi wanahitajika katika kambi ya jeshi la Marekani nchini Kuwait, mshahara dola 900 kwa mwezi, chakula na malazi bure, mkataba wa miaka miwili. Wakala aliyekuwa Dar es Salaam alitaka shilingi 3,500,000, na kati ya hizo 1,500,000 zilipwe kwanza, akiziita ada ya viza. Fundi hakuwa na fedha hizo. Katika ukoo wao, kama ilivyo kwa Wamakonde wengi, neno la mjomba kuhusu mali ya ukoo ni zito, na mjomba ndiye aliyekubali mikorosho 40 iwekwe rehani kwa misimu miwili, yaani mkopeshaji avune na auze kana kwamba miti ni yake mpaka muda uishe. Fedha zilitumwa kwa simu. Hakukuwa na stakabadhi.

Kabla ya kuendelea ni lazima kueleza jinsi kazi za kiraia zinavyopatikana katika kambi kama ile, maana hapo ndipo kisa kizima kinaposimama. Majeshi ya Marekani yalibaki Kuwait baada ya vita vya 1991, chini ya makubaliano ya ulinzi yaliyotiwa saini Septemba mwaka huo. Kambi kubwa kuliko nyingine huko ni Camp Arifjan, kusini mwa jiji la Kuwait, ambayo ni kituo cha ugavi cha jeshi la nchi kavu. Kupika, kufua, kusafisha, kuendesha jenereta na kutunza viyoyozi si kazi za askari. Jeshi humpa mkandarasi mkuu, naye hugawa sehemu za kazi kwa wakandarasi wadogo waliosajiliwa Kuwait, na hao ndio hutafuta wafanyakazi India, Nepal, Ufilipino, Kenya, Uganda na kwingineko kwa kutumia mawakala. Mwenye kufanya kazi kwa njia hii jeshi humwita raia wa nchi ya tatu, kwa maana si Mmarekani na si mwenyeji. Makubaliano ya ulinzi hayampi hadhi aliyonayo askari au mtumishi wa Kimarekani aliyepelekwa pale na serikali yake. Mbele ya sheria ya Kuwait yeye ni mfanyakazi mgeni kama mgeni mwingine yeyote, anayeishi nchini kwa ikama iliyofungwa kwa jina la kafili wake, yaani mtu au kampuni inayomdhamini.

Ikama hizo hutofautishwa kwa vifungu vya sheria ya ukaazi. Kifungu cha 18 ni cha wafanyakazi wa makampuni binafsi. Kifungu cha 20 ni cha watumishi wa majumbani. Mwenye ikama ya kifungu cha 20 ameruhusiwa kufanya kazi katika nyumba ya kafili wake na si kwingine, na akikutwa akifanya kazi kwenye kampuni amevunja sheria yeye, hata kama aliyempeleka huko ni wakala.

Kwa hiyo kuna milango miwili yenye funguo tofauti. Serikali ya Kuwait ndiyo inayotoa ikama, na jeshi ndilo linalotoa beji ya kuingia kambini. Beji haitolewi kwa mtu ambaye ikama yake haiendani na mwajiri aliyemwombea beji hiyo.

Karatasi ya viza

Dada yake alikuja dawatini siku ya Jumatatu. Tiketi ya basi la kwenda Dar es Salaam siku ya Alhamisi ilikuwa imeshakatwa stendi ya Mkanaledi, na alichotaka kwetu kilikuwa kidogo tu: tumsaidie kuandika hati ya mkopo wa milioni mbili zilizobaki, ili mkopeshaji wa pili asije akadai zaidi. Alitoa viza iliyotumwa kwenye simu na kuchapishwa dukani. Ilikuwa ya Kiarabu.

Dawatini hakuna anayesoma Kiarabu cha ofisi za serikali. Tulimpelekea ustadhi mmoja wa madrasa Mikindani ambaye alisoma miaka kadhaa Uarabuni. Aliisoma polepole, akarudi juu, akaisoma tena, kisha akauliza, “Huyu kijana anakwenda kukaa nyumbani kwa nani?” Kafili aliyeandikwa alikuwa mtu, si kampuni. Kifungu kilikuwa cha 20. Kazi iliyoandikwa ilikuwa mtumishi wa nyumbani.

Tulimpigia wakala mbele ya familia. Hakukana. Alisema wote huingia hivyo na kwamba wakifika kambini hubadilishiwa, akataja kuwa mwaka 2024 watu wengi walibadilishiwa. Maneno hayo yalikuwa na kipande cha ukweli, na nadhani ndiyo sababu wengi waliyaamini. Kuanzia tarehe 14 Julai hadi 12 Septemba 2024 Kuwait ilifungua kweli nafasi kwa wenye ikama ya kifungu cha 20 kuhamia kifungu cha 18. Lakini nafasi ile ilitaka ridhaa ya kafili na ilitaka mtumishi awe ameshamtumikia kafili huyo kwa mwaka mmoja, na ilifungwa ilipofika tarehe yake. Fundi hangeweza kuitumia hata kama ingekuwa wazi siku anatua.

Uamuzi wa kwanza: asisafiri kwa viza ile

Uamuzi huu haukuwa mwepesi kama unavyoweza kuonekana kwenye maandishi. Mjomba alikuja mjini Jumanne na kuzungumza kwa utulivu, na hoja zake zilikuwa na uzito. Miti ilikuwa imeshatoka mikononi mwa ukoo. Asiposafiri, misimu miwili ingepotea bila kitu. Akisafiri, hata akianzia kwenye nyumba ya mtu, angalau angepata mshahara na huenda angesogea. Alituuliza swali ambalo lilitutoa jasho: je, sisi wa dawatini tungewalipa korosho zao?

Tulimjibu kwa kumwonyesha njia mbili na mwisho wa kila moja. Katika njia ya kwanza Fundi angefika uwanja wa ndege akiwa mali ya ikama ya mtu asiyemjua. Mtu huyo angeweza kumdai kazi za nyumbani, au angeweza kumwachia atafute kazi mtaani kwa malipo ya kila mwezi na kumripoti kuwa ametoroka siku watakapokosana. Mtu aliyeripotiwa hivyo hukamatwa na kurudishwa, na kufungiwa kuingia tena, na kambi ndiyo mahali pa mwisho ambapo angeweza kupata kazi, maana langoni karatasi hukaguliwa kuliko mtaani. Katika njia ya pili familia ingepoteza shilingi 1,500,000, sehemu yake au zote, na Fundi angebaki na jina safi na pasipoti yake. Hasara ya njia ya pili ilikuwa na mpaka. Ya kwanza haikuwa nao.

Mjomba hakusema kwamba amekubali. Alisema, “Basi tiketi ya Alhamisi irudishwe.” Tuliona inatosha.

Uamuzi wa pili: kumruka wakala na kuandika juu

Hapo mtu angeweza kuishia kwenye kudai fedha. Dada yake Fundi ndiye aliyeuliza kama kazi yenyewe ipo, kwa sababu kama ipo, kwa nini aikose kwa kosa la mtu wa kati? Fundi alimtafuta yule msimamizi Mfilipino kwenye Facebook na kumkuta akifanya kazi Kuwait, kwa kampuni nyingine. Kwa siku mbili alituulizia na kutuletea jibu: mkandarasi mdogo aliyetajwa na wakala yupo, anahitaji mafundi viyoyozi, na mkandarasi mkuu aliye juu yake ni kampuni fulani ya Kimarekani.

Kuhitajika huko hakukutushangaza. Mitribah, kaskazini-magharibi mwa Kuwait, ilipimwa nyuzi joto 53.9 tarehe 21 Julai 2016, na mahali kama hapo kiyoyozi kikizimika jengo halikaliki.

Tulimwandikia mkandarasi mkuu badala ya yule mdogo, na sababu yake ndiyo ninayotaka wenzangu waikamate. Mtu anayeuza kazi ya kambi kwa kawaida hujifanya kwamba sheria pekee iliyopo ni ile ya nchi ya Ghuba. Lakini fedha zinazolipa mishahara ya kambi ni za serikali ya Marekani, na kanuni zake za manunuzi, katika kipengele cha 52.222-50 kinachohusu usafirishaji haramu wa watu, humfunga mkandarasi mkuu pamoja na wote walio chini yake hadi kwa wakala. Kipengele hicho kinakataza kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa. Kinakataza kumdanganya kuhusu masharti ya kazi. Kinakataza kumnyang’anya pasipoti au kumzuia asiifikie. Kinamtaka mwajiri alipe nauli ya kumrudisha mfanyakazi aliyeletwa kutoka nchi nyingine. Pale ambapo mkataba wa maandishi unatakiwa, lazima uwe katika lugha anayoielewa mfanyakazi, na apewe angalau siku tano kabla ya kuondoka kwao. Masharti haya yalitiwa nguvu na kanuni zilizoanza kutumika Machi 2015, baada ya amri ya rais wa Marekani ya Septemba 2012 kuhusu jambo hilo.

Barua yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Haikumtukana mtu wala kumtuhumu mkandarasi mdogo. Ilieleza kwamba fulani ameombwa kiasi fulani cha fedha kwa kazi fulani katika mkataba wenu, kwamba ametumiwa viza ya utumishi wa nyumbani iliyoambatishwa, na kwamba anauliza kama kampuni yenu inaitambua ajira hii. Tulichagua kuuliza kwa sababu tuhuma hupelekwa kwa mwanasheria, ilhali swali hupelekwa kwa anayehusika. Tuliambatisha pia ujumbe wa malipo wa simu, ambao katika kukosa stakabadhi ndio uliokuwa ushahidi wetu pekee.

Jibu lilikuja baada ya siku 11. Kampuni ilisema haimtambui wakala yule, ikaomba mawasiliano yake, na kuahidi kwamba mkandarasi mdogo atawasiliana na Fundi moja kwa moja. Aliwasiliana naye kweli. Baada ya miezi miwili Fundi alipokea viza mpya, kafili akiwa kampuni na kifungu kikiwa cha 18, pamoja na mkataba wa kazi. Hakutozwa chochote.

Wakala alirudisha shilingi 900,000 tulipomwambia kwamba tunapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Kazi. Leseni aliyokuwa ametuonyesha ilikuwa imekwisha muda. Shilingi 600,000 alisema ni gharama zake.

Mkataba, na kosa letu

Mkataba ulifika kwa Kiingereza ukiwa na tafsiri ya Kiswahili isiyopendeza lakini inayoeleweka. Mshahara ulikuwa dinari 130 za Kuwait kwa mwezi, zaidi kidogo ya shilingi milioni moja kwa viwango vya wakati ule, pamoja na malazi na usafiri. Dola 900 za tangazo hazikuwahi kuwepo. Dinari 130 hazifiki nusu yake. Fundi alifikiri usiku mmoja akaamua kwamba bado inamfaa, kwa kuwa hatakuwa na deni la ada.

Tulikuwa na siku tano za kusoma. Siku ya kwanza tulitazama kifungu cha ikama, tukapumua. Siku mbili zilizofuata tulizitumia kwenye bima, na sijutii. Sheria ya Marekani ya mwaka 1941 iitwayo Defense Base Act inawataka waajiri wa kiraia katika kambi za nje kuwakatia wafanyakazi wao bima ya ajali kazini, na haibagui kwa uraia. Aliyeumia akashindwa kufanya kazi hulipiwa matibabu na theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake wa wiki. Akifariki, mjane na watoto wana haki yao. Ajali inapaswa kuripotiwa kwa maandishi ndani ya siku 30 na dai kufunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Tuliomba jina la kampuni ya bima, tukalipata, na nakala ikabaki kwa dada yake, kwa kuwa karatasi iliyoko kwenye begi la marehemu haiwafikii warithi. Wengine waliona tunajitakia mikosi. Tarehe 23 Juni 2025 Iran iliporusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid nchini Qatar, na Kuwait nayo ikafunga anga yake kwa muda, hakuna aliyesema hivyo tena.

Tulichoacha kukitazama ni mstari mmoja: cheo. Mkataba ulimwita msaidizi wa fundi viyoyozi. Fundi aliuona na kunyamaza, akidhani akionekana kazini watampandisha. Sisi tuliuona tukadhani ni lugha tu. Haikuwa lugha. Cheo kilichoandikwa kwenye kibali cha kazi hukaa na mtu muda wote wa ikama ile, na mwajiri alikiandika hivyo kwa sababu cheti cha VETA cha Fundi hakikuwa na uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje wala wa ubalozi wa Kuwait uliopo Dar es Salaam. Tulikuwa na miezi miwili ya kungoja viza ambayo ingetosha kupata mihuri yote miwili. Tuliitumia kumfuatilia wakala.

Kufika, na wiki saba za kungoja

Fundi alipokelewa vizuri na kupelekwa bweni la wafanyakazi huko Mahboula. Kisha vipimo vya afya, alama za vidole, ikama, na mwisho ile kadi ya utambulisho ambayo watu wetu walioko Ghuba huiita bataka. Bila bataka hakuna maombi ya beji. Beji nayo ilikuwa na safari yake: alama za vidole mara ya pili, picha ya mboni za macho, mahojiano kuhusu alikozaliwa, alikosafiri na nani anayemfahamu. Tangu kutua hadi kuingia kambini zilipita wiki saba.

Mkataba ulisema mshahara unaanza siku ya kwanza ya kazi. Malazi yalikuwepo, chakula hakikuwepo. Fundi alikuwa amebeba akiba ndogo, ikaisha wiki ya nne, na kwa wiki tatu dada yake alikuwa akitoa fedha Mtwara kumtumia mtu aliyekwenda Ghuba. Hilo liliwaumiza nyumbani kuliko hasara ya wakala, kwa sababu hawakuwa wameambiwa. Nasi hatukuwaambia kwa kuwa hatukujua kwamba milango ile miwili hufunguliwa mmoja baada ya mwingine.

Katika wiki hizo aliitwa ofisini kukabidhi pasipoti “kwa usalama.” Aliitoa kwa ajili ya ikama, akaomba aandikiwe tarehe ya kurudishiwa, na akarejeshewa baada ya siku tisa. Wenzake wawili waliokuwa naye bwenini hawakuomba. Alijiandikisha pia katika ubalozi wa Tanzania nchini Kuwait.

Kazi yenyewe nitaipita haraka. Ilikuwa ngumu, ilikuwa halali, na mshahara uliingia benki kila mwezi. Alifanya kazi ya fundi kamili kwa cheo cha msaidizi.

Uamuzi wa tatu: kurudi

Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili ya kazi, sehemu ile ya kandarasi ilipewa kampuni nyingine. Mambo haya ni ya kawaida kambini: mitambo hubaki, wafanyakazi huhitajika wale wale, jina la mwajiri hubadilika. Kampuni mpya ilimtaka Fundi. Lakini ikama ilikuwa ya kampuni ya zamani, na mfanyakazi ambaye hajatimiza miaka mitatu kwa kafili wake anahitaji ridhaa ya kafili huyo ili ahamie kwa mwingine. Ofisa mmoja wa kampuni ya zamani alimwambia ridhaa ipo kwa dinari 250.

Fundi alitupigia simu usiku. Tulimwelekeza aandike tena kwa mkandarasi mkuu, lakini huyo naye alikuwa akiondoka na hakujibu kwa wakati. Mfanyakazi mwenzake, raia wa nchi nyingine, aliamua kubaki mjini akingoja mambo yanyooke huku ikama ikielekea kuisha. Fundi aliogopa njia hiyo, na aliogopa pia kulipa dinari 250, karibu mshahara wa miezi miwili, kwa mtu asiyetoa stakabadhi. Alisema alishalipa hivyo mara moja maishani.

Aliamua kudai stahili zake na kurudi. Kwa kuwa mwajiri ndiye aliyevunja ajira, sheria ya kazi ya Kuwait Na. 6 ya 2010 inampa mfanyakazi malipo ya siku 15 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Kwa miezi 14 ni siku 17 na nusu, na kwa dinari 5 kwa siku, yaani dinari 130 zikigawanywa kwa siku 26 za kazi, zilikuwa dinari 87.5. Alilipwa zote. Tiketi ya ndege ililipwa na kampuni. Tangu tarehe 1 Julai 2025 wafanyakazi wa kifungu cha 18 wanahitaji pia kibali cha mwajiri cha kutoka nchini, nacho kilitolewa baada ya siku nne.

Matokeo

Mshahara wa msingi wa miezi 14 ulikuwa jumla ya dinari 1,820. Mikorosho ilikombolewa baada ya msimu mmoja badala ya miwili, kwa shilingi 1,000,000, na mjomba mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mkopeshaji. Fundi ana vifaa vyake vya kazi na rekodi safi ya kambini. Hakupata miaka miwili aliyoitarajia, hakupata cheo chake, na shilingi 600,000 bado ziko kwa wakala.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni kusomwa kwa karatasi na mtu anayeijua lugha yake, kabla ya safari. Pwani yetu haina uhaba wa watu wanaosoma Kiarabu, na bado viza za Ghuba hupita mikononi mwa familia nzima bila mmoja wao kuulizwa. Ustadhi alitumia chini ya nusu saa.

Barua kwa mkandarasi mkuu ilifanya kazi, lakini nisiifanye kuwa dawa ya kila kitu. Ilifanya kazi mara ya kwanza kwa sababu mkandarasi alikuwa na miaka ya kandarasi mbele yake na jambo la kupoteza. Mara ya pili alikuwa akifunga virago. Shinikizo la njia hii lina muda wake, na kwa suala la dinari 250 tulipaswa kupeleka malalamiko moja kwa moja kwa mkaguzi mkuu wa wizara ya ulinzi ya Marekani, ambaye ana njia ya kupokea taarifa za namna hii. Tulichelewa kufikiria hivyo.

Kumpata mkandarasi mkuu kupitia Mfilipino kulikuwa bahati, na utaratibu haujengwi juu ya bahati. Asiye na mtu Kuwait anaweza kumtaka wakala aandike kwenye karatasi mambo matatu: jina la kampuni itakayokuwa kafili, jina la mkandarasi mkuu, na namba ya kifungu cha ikama. Wakala mwenye kazi ya kweli anayo yote matatu. TaESA, ambayo ni ofisi ya serikali ya huduma za ajira, na ofisa kazi wa mkoa wangeweza kuulizwa kuhusu leseni kabla ya miti kuwekwa rehani. Familia ilikuja kwetu baada ya fedha kwenda, na hata hapo ilikuja kwa ajili ya hati ya mkopo.

Kuhusu wiki saba, sasa tunamtaka kila anayekuja na mkataba wa kambi ajibiwe kwa maandishi nani anamlisha kati ya kutua na beji. Waajiri wawili kati ya watatu tuliowauliza tangu wakati huo walikubali kuandika posho ya chakula. Halikuwa jambo gumu kwao. Hakuna aliyekuwa ameliomba.

Cheo ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa kuwa hakikuhitaji ujasiri wala barua ya Kiingereza. Kilihitaji safari moja ya Dar es Salaam na cheti kilichokuwa sandukuni. Fundi alikileta dawatini mwezi uliopita kikiwa na muhuri wa Wizara. Wa ubalozi bado. Ofa nyingine hana kwa sasa. Malalamiko kuhusu shilingi 600,000 yako kwa ofisa kazi, na wakala ameitwa mara mbili bila kufika.